Mwanamichezo ni Mtu Kwanza: Afya ya Akili, Utu wa Kocha na Maisha Baada ya Uwanja

UTANGULIZI

Katika shule nyingi za sekondari, siku ya mashindano ya riadha hutanguliwa na matayarisho ya majuma kadhaa. Uwanja hufyekwa, mistari huchorwa kwa chokaa, saa za kupimia mbio hutafutwa, na wakimbiaji hupimwa mara kwa mara ili ijulikane nani ameongeza kasi na nani amepungua. Misuli hukandwa, vidonda hufungwa, na mwenye homa hupelekwa zahanati. Hata hivyo, iko sehemu moja ya mwanamichezo ambayo aghalabu haipimwi wala haitunzwi, nayo ni akili yake. Mkimbiaji asiyepata usingizi kwa siku tatu kabla ya shindano huambiwa aache woga. Mchezaji aliyeumia goti na kuachwa nje ya timu huambiwa avumilie. Na yule anayemaliza kidato cha nne, ambaye kwa miaka minne alijulikana shuleni kwa mbio zake tu, hupewa mkono wa kwaheri bila ya mtu yeyote kumwuliza kesho atakuwa nani.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, namna akili na mwili vinavyotenda kazi pamoja wakati wa michezo. Pili, namna maneno na mwenendo wa kocha vinavyoweza kumjenga au kumbomoa mchezaji. Tatu, kwa nini kuacha michezo ni jambo zito, na namna mtu anavyoweza kujitayarisha mapema. Hoja inayounganisha mambo hayo ni moja: kumtendea mwanamichezo kwa utu ni sehemu ya mazoezi yenyewe, kama vile chakula na usingizi vilivyo sehemu ya mazoezi.

MWILI UNAPOITIKIA HOFU

Mwanafunzi wa baiolojia anajua kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu anapokabiliwa na jambo la hatari au la kutia wasiwasi, ubongo hupeleka ishara kwa njia ya neva hadi kwenye tezi hizo, nazo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo hupiga kwa kasi, njia za hewa katika mapafu hupanuka, na ini hutoa sukari ili misuli ipate nishati. Baada ya dakika chache homoni nyingine, kotisoli, huongezeka pia, nayo husaidia kuendeleza upatikanaji wa sukari hiyo. Mabadiliko haya ndiyo yanayomwezesha mkimbiaji kuchomoka kama mshale bastola inapolia. Kwa hiyo mkimbiaji ambaye tumbo linamcheza na mikono inamtetemeka kabla ya shindano hana ugonjwa wowote. Mwili wake unajiweka tayari.

Tatizo huanza pale ambapo hali hiyo haiishi. Mwili uliumbwa kupokea mshtuko kisha kupumzika. Ikiwa kijana anaogopa shindano, kisha anaogopa hasira ya kocha, kisha anaogopa kuondolewa katika timu na kupoteza nafasi ya masomo, basi ishara za hatari hazikatiki mchana wala usiku. Usingizi hupungua. Hamu ya chakula hubadilika. Kinga ya mwili dhidi ya maradhi huweza kudhoofika. Tukumbuke kwamba mazoezi huichosha misuli, na kwamba misuli hujengeka upya wakati wa mapumziko, hasa usingizini. Mchezaji asiyelala kwa hofu anafanya mazoezi lakini havuni matunda yake. Hapo ndipo tunapoona wazi kwamba afya ya akili na nguvu za mwili haziwezi kutenganishwa.

Je, kiasi gani cha msukumo kinafaa? Jibu mojawapo la kale lilitokana na jaribio la Robert Yerkes na John Dodson, lililochapishwa nchini Marekani mwaka 1908. Wataalamu hao waliwafundisha panya kuchagua kisanduku cheupe na kuepuka cheusi, na kila panya aliyekosea alipigwa na umeme kidogo. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme mkali uliharakisha kujifunza. Lakini kazi ilipokuwa ngumu, yaani tofauti baina ya visanduku ilipokuwa ndogo, umeme wa wastani ulikuwa na manufaa kuliko ule mkali. Bila shaka mtu si panya, na wataalamu wa baadaye wamerekebisha mengi katika nadharia iliyojengwa juu ya jaribio hilo. Hata hivyo fundisho lake kuu linamfaa mwalimu: kadiri kazi inavyohitaji ustadi na uamuzi, ndivyo vitisho vinavyozidi kuiharibu. Mchezaji wa mpira wa pete anayelenga goli, au mrukaji anayehesabu hatua zake, anahitaji utulivu. Kumpigia makelele wakati huo ni kumwongezea mzigo.

UKUBWA WA TATIZO

Watu wengi hudhani kwamba mwanamichezo mwenye afya njema ya mwili hawezi kupatwa na maradhi ya akili. Uchunguzi hauungi mkono dhana hiyo. Mwaka 2019 Vincent Gouttebarge na wenzake walikusanya pamoja matokeo ya tafiti nyingi juu ya wanamichezo wa ngazi ya juu. Waliona kwamba dalili za wasiwasi au sonona ziliripotiwa na kiasi cha asilimia 34 ya waliokuwa bado wanashindana, na asilimia 26 ya waliokwisha kustaafu. Matumizi mabaya ya pombe yaliripotiwa na asilimia 19 ya wanaoshindana. Yafaa ieleweke kwamba hizi ni dalili ambazo wanamichezo wenyewe walizitaja, wala si ugonjwa uliothibitishwa na daktari kwa kila mmoja. Lakini hata kwa tahadhari hiyo, takwimu zinaonyesha kwamba medali haimkingi mtu.

Mwaka huohuo wa 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la kitaalamu kuhusu afya ya akili ya wanamichezo. Mwaka uliofuata ikatoa utaratibu wa uchunguzi kwa wanamichezo wenye umri wa miaka 16 na zaidi, ambao hatua yake ya kwanza ni maswali 10 tu. Jambo hili lina maana kubwa kwa shule, maana umri wa miaka 16 ndio umri wa wanafunzi wetu wengi wa sekondari.

SAUTI YA KOCHA

Baada ya wazazi, kocha ni miongoni mwa watu wazima wenye nguvu kubwa juu ya kijana anayecheza. Ndiye anayeamua nani acheze na nani akae benchi. Ndiye anayeona kosa kwanza, na neno lake la kwanza baada ya kosa hilo ndilo ambalo kijana huenda nalo nyumbani.

Katika miaka ya 1970, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Ronald Smith na Frank Smoll, waliamua kulichunguza jambo hili kwa njia ya sayansi. Waliketi kando ya viwanja vya watoto wanaocheza mchezo wa besiboli na kuandika kila tendo la kocha: amesifu, amekaripia, ameelekeza, amenyamaza. Kisha wakatayarisha mafunzo mafupi kwa makocha. Waliwashauri watoe sifa kwa juhudi na si kwa ushindi peke yake, watoe moyo mara baada ya kosa, waeleze kwa upole namna ya kurekebisha kosa hilo, na waache adhabu na kejeli.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1979. Watoto waliofundishwa na makocha waliopata mafunzo waliwapenda zaidi makocha wao na walipendana zaidi wao kwa wao. Walionufaika sana walikuwa watoto waliokuwa wakijidharau tangu mwanzo. Ama kuhusu idadi ya michezo iliyoshindwa na kushinda, timu zao hazikuwa na tofauti na timu nyingine. Yaani upole haukuwagharimu ushindi. Uchunguzi mwingine wa kundi hilohilo, uliochapishwa mwaka 1992, uliangalia ni watoto wangapi walirudi kucheza msimu uliofuata. Miongoni mwa watoto wa makocha wasiopata mafunzo, asilimia 26 waliacha. Miongoni mwa watoto wa makocha waliopata mafunzo, walioacha ni asilimia 5 tu.

Mwalimu wa michezo na azitafakari takwimu hizi kwa makini. Nchi inayotafuta vipaji vya riadha au kandanda hupoteza vijana wengi kabla hata vipaji vyao havijakomaa. Sehemu ya hasara hiyo haitokani na ukosefu wa viatu wala viwanja. Hutokana na ulimi.

HURUMA SI ULEGEVU

Hapa baadhi ya walimu watauliza: je, tukiwabembeleza vijana, hawatakuwa dhaifu? Swali hili ni la haki na linastahili jibu kamili.

Kocha mwenye utu haondoi mazoezi magumu. Anaendelea kudai bidii, nidhamu na kufika mapema. Tofauti yake iko katika namna anavyolitazama kosa. Kocha mkali humwambia mchezaji, "Wewe ni mzembe." Kocha mwenye utu husema, "Umechelewa kugeuka. Safari ijayo tazama bega la mwenzako." Kauli ya kwanza inamhukumu mtu. Ya pili inarekebisha tendo, na kumwachia mtu heshima yake.

Kanuni hiyohiyo hufaa katika maneno ambayo mwanamichezo hujisemea moyoni. Mwaka 2003 Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas alieleza kwa utaratibu wa kitaaluma maana ya mtu kujihurumia. Alisema huruma hiyo ina sehemu tatu: kujitendea kwa wema badala ya kujilaumu, kutambua kwamba kukosea ni jambo la wanadamu wote, na kuyatazama maumivu bila kuyaficha wala kuyakuza. Mwaka 2013 watafiti nchini Kanada walijaribu mafunzo ya siku saba ya aina hii kwa wanamichezo wa kike waliokuwa wakijikosoa kupita kiasi. Ikilinganishwa na wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo, walipunguza kujilaumu na kurudiarudia makosa yao kichwani.

Mifano miwili ya Olimpiki itatusaidia kupima suala hili. Wa kwanza ni wa John Stephen Akhwari wa Tanzania. Katika mbio za marathoni mjini Mexico mwaka 1968 alianguka na kuumia goti, lakini akaendelea akiwa amefungwa bendeji hadi akaingia uwanjani giza likiwa limekwisha kuingia, wa mwisho kati ya wote waliomaliza. Wa pili ni wa Simone Biles wa Marekani. Mjini Tokyo mwaka 2021, katikati ya fainali ya timu ya jimnastiki, alijitoa kwa sababu akili yake ilipoteza hisia ya mahali mwili ulipo angani. Mtu anayejipindua hewani bila ya hisia hiyo anaweza kutua kwa shingo. Siku chache baadaye alirudi na kupata medali ya shaba, na katika Michezo ya Paris ya mwaka 2024 akapata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha.

Kwa muda mrefu shule zetu zimetumia habari za Akhwari kufundisha uvumilivu, na ni sawa. Lakini tukimsifu aliyeendelea na kumbeza aliyesimama, tumeikosa maana. Akhwari alikuwa mtu mzima aliyejua maumivu yake na akachagua mwenyewe kuendelea. Biles alijua hatari yake na akachagua mwenyewe kusimama. Wote wawili walikuwa wenye uamuzi juu ya miili yao. Mwalimu anayemlazimisha mwanafunzi mwenye maumivu akimbie, kwa kulitaja jina la Akhwari, amemnyang'anya mwanafunzi huyo kile hasa kilichompa Akhwari heshima.

Utu wa kocha una mipaka yake vilevile, na mipaka hiyo humlinda mchezaji. Upendeleo wa siri, mazungumzo ya faragha mahali palipojificha, na kuzishika fedha za mchezaji bila hesabu ni mambo yasiyo na nafasi katika ukocha wenye utu. Baada ya mkimbiaji wa Kenya Agnes Tirop kuuawa nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021, wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels ili kupambana na ukatili dhidi ya wanawake. Msiba huo ulionyesha kwamba bingwa anaweza kushangiliwa na dunia nzima huku akiishi katika hatari ambayo hakuna aliyemwuliza habari zake.

NYUMBA YENYE NGUZO MOJA

Sasa tugeukie jambo la tatu, yaani kuacha michezo. Mwaka 1993 Britton Brewer na wenzake walitunga kipimo cha kauli 10 cha kupimia kiasi ambacho mtu hujitambua kama mwanamichezo. Mpimwaji huulizwa, kwa mfano, kama rafiki zake wengi ni wanamichezo, na angejisikiaje kama angeumia asiweze kushindana. Wataalamu hao waliona kwamba utambulisho huo una pande mbili. Kwa upande mmoja humpa kijana bidii, marafiki na mpango wa maisha. Kwa upande mwingine, pale jeraha linapotokea, yule ambaye utu wake wote umesimama juu ya michezo huelekea kuumia zaidi moyoni.

Tunaweza kulifananisha jambo hili na nyumba. Nyumba yenye nguzo moja ya katikati, hata nguzo hiyo ikiwa ya mninga, huanguka siku nguzo inapoanguka. Nyumba yenye nguzo nne ikipoteza moja hutikisika, lakini wenyeji hupata nafasi ya kuikarabati. Mwanafunzi ambaye ni mkimbiaji, na pia ni msomaji wa kemia, na pia ni mtoto anayetegemewa nyumbani, na pia ni fundi wa kuchonga, ana nguzo nne.

Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano ulio wazi. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000, na mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Lakini Kenya haikushiriki Olimpiki ya Montreal ya mwaka 1976 wala ya Moscow ya mwaka 1980, kwa sababu za kisiasa, na Rono hakupata kamwe kukimbia katika Olimpiki. Yeye mwenyewe alieleza baadaye, katika kitabu cha maisha yake, jinsi pombe ilivyomtawala kwa miaka mingi, na jinsi alivyohangaika kutoka kazi moja ndogo hadi nyingine huko Marekani. Hatimaye aliishinda pombe akawa mwalimu na kocha. Alifariki mwaka 2024.

Filbert Bayi wa Tanzania alipatwa na pigo linalofanana na hilo. Mwezi Februari 1974, mjini Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 32.2, ikawa rekodi ya dunia. Mwezi Mei 1975 akavunja na ile ya maili moja kwa dakika 3 sekunde 51.0. Mwaka 1976 Tanzania nayo haikushiriki Michezo ya Montreal, katika kupinga uhusiano wa kimichezo wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi, na Bayi akaikosa Olimpiki akiwa katika kilele cha nguvu zake. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha mjini Moscow katika mbio za kuruka viunzi na maji. Bayi alikuwa mwanajeshi, akasoma chuo kikuu huko Texas, na baadaye pamoja na mkewe Anna wakaanzisha shule zenye jina lake, huko Kimara na Kibaha. Kwa miaka mingi alikuwa pia Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Mwenzake Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika michezo ileile ya Moscow, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa bingwa, na baada ya mbio zake akawa kocha na kiongozi wa riadha.

Tusiyasome maisha haya kama hukumu ya nani alikuwa hodari na nani dhaifu. Maradhi ya pombe yana sababu nyingi, za mwili na za mazingira, na hakuna ajuaye kipimo cha mzigo wa mwingine. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba Bayi na Nyambui walikuwa na kazi nyingine mikononi mwao hata walipokuwa wakikimbia. Mlango mmoja ulipofungwa, hawakubaki gizani.

KUTOKA UWANJANI

Mwanamichezo huacha michezo kwa njia nne hivi: umri, jeraha, kuachwa na wateuzi, na hiari yake mwenyewe. Mwaka 2013 watafiti walipitia tafiti 126 juu ya kustaafu kwa wanamichezo. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana kuwa na uzito ni mawili tuliyokwisha kuyagusa: kiasi cha utambulisho wa uanamichezo, na kama mtu aliacha kwa hiari au kwa kulazimishwa. Anayeacha kwa uamuzi wake, baada ya kujipangia, huvuka kwa wepesi zaidi kuliko anayeamka siku moja na kukuta jina lake halimo katika orodha.

Mwili nao una sehemu yake. Mtu aliyezoea mazoezi ya kila siku, akiyakatiza ghafla, huweza kupatwa na uchovu, hasira za mara kwa mara na huzuni katika majuma ya kwanza. Moyo uliokuwa umetanuka na kupata nguvu kwa mazoezi huanza kurudi katika hali ya kawaida. Chakula kilekile kilichokuwa kikiunguzwa na mazoezi sasa huongeza uzito. Kwa hiyo daktari humshauri anayestaafu apunguze mazoezi kidogo kidogo, wala asiyaache kwa siku moja.

Zaidi ya hayo, mstaafu hupoteza ratiba. Kwa miaka kadhaa kengele ilimwamsha alfajiri, kocha alimwambia ale nini, na wenzake walimngoja uwanjani. Sasa asubuhi inakuja na hakuna anayemngoja. Upweke huu ndio unaowafanya baadhi yao wapuuze chakula, walale mchana kutwa au waikimbilie pombe. Akiba ya fedha ni jambo jema, na wahenga walisema akiba haiozi. Lakini akiba ya ujuzi, ya marafiki walio nje ya michezo, na ya kazi inayomngoja ina thamani isiyopungua hiyo.

YANAYOWEZEKANA SHULENI

Mwalimu anayesoma makala haya huenda asiwe na mtaalamu wa saikolojia karibu naye. Hata hivyo mambo yafuatayo yanawezekana bila ya gharama kubwa.

1. Anza mazoezi kwa kuuliza hali. Maswali mawili yatosha: "Umelalaje?" na "Kuna jambo linalokusumbua?" Swali liulizwe kwa mtu mmoja mmoja, na jibu litunzwe kwa siri, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini.

2. Zijue dalili. Mabadiliko yanayodumu kwa majuma mawili au zaidi yanastahili kuangaliwa: kukosa usingizi, kujitenga, kutopenda kile alichokipenda, kushuka ghafla kwa alama darasani, majeraha yasiyopona, hasira au machozi ya mara kwa mara.

3. Rekebisha tendo, usimtukane mtu. Kila unapotaja kosa, taja pia njia ya kulisahihisha.

4. Mchezaji aliyeumia asiachwe nje. Apewe kazi ndani ya timu, kama vile kuhesabu muda, kuandika takwimu au kuwafundisha wadogo. Kwa njia hiyo hatapoteza wenzake pamoja na mguu.

5. Linda masomo.  Mwanafunzi anayekwenda kambini apangiwe na muda wa kusoma.

6. Panga mazungumzo ya kuaga. Kila mchezaji wa kidato cha mwisho aketi na mwalimu mara moja na kuulizwa: ni stadi zipi ulizojifunza uwanjani, na utazitumia wapi? Nidhamu, kupanga muda, kupokea kushindwa na kufanya kazi na wengine ni stadi zinazohitajika katika kila kazi.

7. Jua mpaka wako. Mwanafunzi anayezungumza habari za kutaka kufa au kujidhuru asiachwe peke yake hata kidogo. Mzazi au mlezi aarifiwe, na mwanafunzi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo; mara nyingi humpa nafuu ya kusema. Kazi ya mwalimu ni kusikiliza na kumfikisha kwa mtaalamu. Kutibu ni kazi ya mtaalamu.

HITIMISHO

Sayansi ya michezo imeendelea sana katika kupima pumzi, mapigo ya moyo na urefu wa hatua. Kazi iliyosalia kwetu, walimu na wanafunzi, ni kuyatia maarifa juu ya akili katika viwanja vyetu vya vumbi, ambako kipimo cha kwanza ni sikio la mtu anayejali. Rekodi zote za Rono na za Bayi zimekwisha kuvunjwa na wengine, maana ndivyo rekodi zilivyo. Mtu aliyeziweka huendelea kuishi siku moja baada ya rekodi yake kuvunjwa, na mwaka mmoja, na miaka hamsini. Kocha anayefundisha kwa ajili ya dakika tatu na nusu za mbio, akaisahau miaka hiyo hamsini, amefundisha nusu ya kazi yake.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Eleza kazi ya homoni ya adrenalini kabla ya mbio, na madhara ya msongo unaodumu kwa majuma mengi.

2. Andika kauli tatu kali ulizowahi kusikia zikitolewa uwanjani. Ziandike upya ili zirekebishe tendo bila ya kumtukana mtu.

3. Chora nyumba yenye nguzo nne. Katika kila nguzo andika jambo moja linalokufanya uwe wewe. Je, nguzo ipi ni dhaifu, na utaiimarisha namna gani mwaka huu?

4. Je, Akhwari na Biles walifanana au walitofautiana? Toa sababu zako.